Nilimtangazia Jacky Madaraja Kanisani

Peninah, uko? Niko jikoni hapa Quakers Hill, chai imepoa sijaigusa. Huyu mjukuu wangu Jacky atanimaliza.

Unajua ule mtihani wake wa leseni ya uinjinia. Lazima achague tawi moja tu: madaraja, barabara au maji. Fomu inafungwa leo saa kumi na moja.

Nimemkuta ameweka madaraja. Madaraja! Miaka minne anashinda kwenye mitaro ya maji ya mvua kule mtaa wa Liverpool, viatu vyake vya matope naviosha mimi. Daraja hajagusa hata moja. Atafeli!

Nikamuuliza kwa nini. Hakuinua hata macho: "Shosho, you told the whole church."

Nimeambia kanisa zima! Na ni kweli, Peninah, ulikuwepo. Nilisimama kutoa ushuhuda nikasema mjukuu wangu atajenga madaraja, mchungaji akamwekea mikono. Sikuwa nimemuuliza mtoto. Niliona tu mitaro si kitu cha kushuhudia mbele za watu.

Nikamwambia abadilishe. Akakataa! Eti watu watasema maombi yao yamepotea bure. Tumebishana mpaka saa kumi na nusu, mimi namwonyesha saa ya ukutani, yeye anafuta machozi.

Mwishowe nikamwambia, "Weka maji, mama. Kanisa niachie mimi." Ameweka.

Sasa Jumapili nitasimama tena niseme nilikosea. Keti karibu nami, na tafadhali usicheke mpaka nimekaa.