Asisogee Mtu

Galle, 3 Julai

Mdogo wangu Priyantha,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya Melbourne haijakugandisha masikio. Sisi huku tuko hivyo hivyo. Mimi sina neno, magoti ya jirani yetu Mzee Lionel yanamsumbua kama ulivyoyaacha, na Baba leo asubuhi ametupa redio dirishani.

Usicheke. Nimeiokota kwenye matope na bado inaongea. Wametangaza timu ya kriketi itakayocheza na Waaustralia wako, na Jayamaha hayumo. Jayamaha, ndugu yangu! Mtu aliyezungusha mpira kwa miaka yote hii mpaka vidole vikapinda, ameachwa, na badala yake wamechukua vijana wanne wa kurusha kwa kasi. Wanne! Hapa Sri Lanka, ambapo mpira wa kasi ukianguka chini unalala usingizi! Lionel alibaki na mkate mdomoni, hatafuni wala hatemi. Mimi mwenyewe nimeduwaa mpaka sasa.

Daktari amesema moyo wa Baba hautaki jua wala makelele, kwa hiyo mwaka huu hapandi ukuta wa ngome kuangalia mechi bure na wenzake. Ataangalia kwenye televisheni, kwenye kiti chake, na makelele ndiyo hayo ameshaanza.

Uliniuliza kama Baba bado amekukasirikia. Ndiyo, bado. Tangu siku ile alipokuona kwenye televisheni, uwanjani Melbourne, umevaa jezi ya njano na uso umejipaka njano na kijani, unawashangilia wanaotupiga, jina lako hajalitaja. Mwaka wa nne huu. Na picha yako pale juu ya meza ya simu bado ameigeuza inatazama ukuta, kama tunavyogeuza picha zote maiti anapokuwa ndani. Nikipangusa vumbi napangusa mgongo wake. Inaniuma kila siku, na leo nimeamua kukwambia.

Andika. Barua zako naziacha makusudi mezani.

Dada yako,
Indrani

*

Melbourne, 12 Julai

Dada Indrani,

Shikamoo. Mimi mzima, masikio yapo, nashukuru. Lori linanizungusha mji huu na matunda ya watu, mgongo unalia, lakini nakula vizuri. Magoti ya Lionel yape pole.

Sasa kwa heshima zote, huyo Jayamaha muacheni apumzike! Ameshakuwa babu. Akirusha mpira, unakwenda polepole mpaka mpigaji anapata muda wa kuandika barua nyumbani. Nimesoma kwenye gazeti la hapa kwamba ule ukanda wa katikati unakodundia mpira, pale Colombo kwenye mechi ya kwanza, safari hii wameuachia majani, kijani kibichi. Kwenye majani ni kasi tu, dada. Waliochagua timu wana akili. Mtaniambia.

Kuhusu ile jezi. Nilikuwa mgeni kazini, wenzangu wakaninunulia tiketi, wakanivalisha, wakanipaka rangi huku wanacheka. Ningefanya nini, nikae katikati yao na sura ya msiba? Sikujua kama kamera ingenifikia mimi katika umati wote ule. Wiketi yetu ilipoanguka, mpigaji wetu akatolewa, mikono yangu ilikuwa juu, ndiyo, lakini moyoni nilijisikia mwizi. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Yeye hasomi barua zangu, najua. Hata hivyo msalimie.

Mdogo wako,
Priyantha

*

Galle, 24 Julai

Priyantha,

Hali zetu usiulize, tumepigwa. Lakini keti nikupe habari.

Barua yako niliiacha mezani, nikaenda kukuna nazi. Narudi, namkuta Baba amevaa miwani na barua iko mkononi, imegeuzwa juu chini kwa haraka ili nidhani anajipepea. Akakohoa. Kisha akasema, "Mwambie huyo dereva wa malori kwamba majani yanaweza kunyolewa."

Miaka minne, halafu neno la kwanza linakuwa majani!

Na yalinyolewa kweli. Asubuhi ya mechi, kamera ikamulika ule ukanda, mweupe, mkavu, hauna hata unyasi mmoja wa kumpa mbuzi. Lionel akapiga yowe. Vijana wetu wanne walirusha kwa kasi siku mbili, jasho likawatoka mpaka kwenye viatu, na Waaustralia wakawa wanapiga tu kama watu wanaokung'uta mikeka. Sisi tukaingia kupiga, tukatolewa. Siku ya nne saa za chai tulikuwa tumeshashindwa. Baba hakupiga kelele hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. Alikuwa anasema tu, "Yuko wapi Jayamaha? Yuko wapi?"

Basi, wamemrudisha! Kwa mechi ya hapa Galle Jayamaha yumo. Baba amesema hivi, nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie, Jayamaha asipotuokoa, nitakubali kwamba mimi ni mzee nisiyejua kitu. Akituokoa, tukipata hata sare, huyo atanipigia simu jioni ya siku ya mwisho, nami nitapokea nimsikie akikiri kosa."

Unasikia? Atapokea simu yako!

Na usisahau sheria ya nyumba hii. Ikiwa wetu wamekaa vizuri pale katikati, kila mtu abaki alipo, asisogee. Sheria ileile iliyokufanya ujikojolee mlangoni darasa la pili kwa sababu watu wawili walikuwa wanaendelea kupiga na Baba alikukataza kupita. Kaa na wewe huko.

Dada yako,
Indrani

*

Melbourne, 2 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Wazima? Mimi sijui kama ni mzima. Barua yako nimeisoma ndani ya lori, nimesimama kwenye taa, ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, ikawaka kijani tena, watu nyuma wanapiga honi na kunitukana, mimi nalia na kucheka. Majani yanaweza kunyolewa! Mwambie nimekiri, hilo la majani nimekiri kabisa.

La Jayamaha bado sijakiri. Msinicheke. Ila nitamwombea azungushe mpira mpaka uingie kwenye mifuko ya Waaustralia.

Nitakuwa kwenye kochi langu, siku zote tano, nimechukua likizo. Sitasogea. Mwambie Baba siku ya mwisho akae karibu na simu.

Mdogo wako,
Priyantha

*

Melbourne, 16 Agosti

Dada,

Salamu zangu ni fupi leo, unisamehe.

Nimeiona mechi yote. Sijawahi kuona kitu kama kile na sidhani kama nitakiona tena. Lakini nataka ujue kilichotokea upande wangu.

Siku ya mwisho, mtu wetu wa tisa kati ya kumi alipotolewa baada ya chakula cha mchana, akabaki Abeywira pale katikati, na anayeingia kumsaidia ni nani? Jayamaha, ambaye gongo la kupigia analishika kama mtu anayefukuza kuku. Akitoka yeye tu, kwisha; wakidumu mpaka jua lizame, ni sare. Na jua bado lilikuwa juu huko kwenu. Nikasema tumeshindwa. Na tukishindwa, ahadi imekufa, Baba hatapokea. Basi nikaona heri nimpigie sasa hivi, kabla hatujashindwa, nimpate angali na matumaini.

Nikapiga. Ikalia, ikalia, ikakatika. Nikapiga tena. Najua simu iko karibu na kiti chake, akinyoosha mkono tu anaigusa. Nimepiga mpaka kidole kimeniuma. Nyie wote mlikuwa ndani, dada, najua mlikuwa ndani! Hakuna aliyepokea.

Na wale wawili hawakutoka. Jua limezama wako palepale, sare, fataki nimezisikia kwenye televisheni, watu wanacheza juu ya ngome. Nikapiga tena baada ya mechi, maana sasa ahadi imetimia, Jayamaha katuokoa, nimekosea, niko tayari kukiri. Ikawa inatoa mlio wa kuwa kuna mtu anaitumia. Nikapiga tena, vilevile. Kwa hiyo mlikuwa na muda wa kupiga simu kwa wengine.

Basi nimeelewa. Alitaka nipige ili afurahie kutopokea. Sikutegemea hilo hata kwake. Nimechomoa simu ukutani. Kesho naondoka na lori kwenda kaskazini, kazi ya wiki tatu, na barua hii naiposti njiani. Msihangaike kunitafuta. Mwambieni picha aiache hivyohivyo.

Priyantha

*

Galle, 29 Agosti

Mdogo wangu Priyantha,

Popote ulipoifungulia barua hii, keti. Usiinuke mpaka uimalize.

Tulikupigia simu jioni ileile, tukapiga siku iliyofuata, hailii. Telegramu imerudi, wamesema mwenyewe hayupo. Barua yako imefika jana, wakati watawa wa Kibudha wanamaliza kula ile sadaka ya siku ya saba, ambayo tulichelewa kuitoa tukikusubiri. Nimeisomea jikoni, nikakaa chini sakafuni.

Baba amefariki, Priyantha. Amefariki siku ile, kwenye kiti chake, mbele yetu, na hatukujua. Naandika hivi na bado siamini.

Nitakueleza yote. Abeywira na Jayamaha walipokutana pale katikati, Baba aliinua kidole akasema, "Asisogee mtu." Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na nusu ya nazi mkononi. Lionel alikuwa anavua kandambili, mguu mmoja ndani mmoja nje. Tukabaki hivyo. Mpira wa kwanza aliorushiwa Jayamaha nusura umtoe. Wa pili, simu ikalia.

Mkono wa Baba ulikwenda kwenye simu. Nauona mpaka sasa. Wakati uleule Jayamaha akaugusa mpira vibaya, ukapaa moja kwa moja kwa yule Mwaustralia mrefu, mikononi mwake kabisa, angeudaka tu Jayamaha katoka, na akauangusha! Uwanja ukalipuka, tuliusikia kupitia dirishani kabla hata televisheni haijatuonyesha vizuri. Baba akaurudisha mkono wake kwenye paja, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akasema, "Huyo ni Priyantha. Iacheni ilie hivyohivyo. Anatushikia mchezo kutoka kule."

Lionel akamwambia, "Pokea bwana, mtoto anatumia pesa!" Baba akamjibu, "Nyamaza wewe. Nikipokea tu Jayamaha anatoka. Nitapokea jua likizama."

Ulipokata alikunja uso. Ulipopiga tena alitabasamu. Alikuwa anaiambia simu, kwa sauti ya chini, "Usichoke, mwanangu." Mwanangu, Priyantha. Nimelisikia kwa masikio yangu, na Lionel amelisikia, muulize. Kila ilipolia, wale wawili walizuia mpira, na sisi tukaamini kabisa kwamba ni wewe unayewaweka pale.

Baadaye simu ikanyamaza. Baba akaegemeza kichwa nyuma. Nilidhani anaifuata sheria. Kichwa hakikusogea, mikono haikusogea, nami nilisimama nyuma yake na ile nazi nikimsifu moyoni kwa uvumilivu. Ningeweza kumwendea. Zilikuwa hatua chache tu. Nisingethubutu, ningemtoa Jayamaha.

Mpira wa mwisho ukarushwa. Jayamaha akauzuia. Fataki zikaanza ngomeni, Lionel akaruka na kandambili moja akilia kama mtoto, na mimi nikamwambia, "Baba, sasa unaweza kusogea."

Nilisema mara mbili, nikicheka.

Daktari anasema alikuwa amekwenda kitambo. Kama ni mara baada ya simu kunyamaza au karibu na sare, hajui, na mimi sitaki kuuliza tena. Ile simu uliyoikuta inatumika ni mimi niliyekuwa namwita daktari, kisha nikawa nakuita wewe. Tulikuwa tunapigiana.

Usiku ule tukamlaza sebuleni. Majirani walileta chakula, vijana wakafunga vitambaa vyeupe njiani, na Lionel akaanza kugeuza picha ukutani, moja moja, Mama, babu, mimi siku ya harusi. Alipofika kwenye meza ya simu akasimama. Akaniita. Sikumwelewa, nikadhani magoti.

Picha yako ilikuwa inatazama sebuleni. Imepanguswa kioo. Baba siku ile aliamka kabla yetu sote, nilimsikia akiburuta kitu nikadhani anasogeza kiti chake. Aliigeuza kabla mchezo wa siku ile haujaanza, Priyantha, kabla hajajua kama Jayamaha ataokoa mtu au hataokoa. Nasi macho yetu yote yalikuwa kwenye televisheni kutwa nzima.

Lionel akaniuliza, "Na hii niigeuze?" Ndiyo desturi, unajua. Nikamwambia hiyo aiache. Picha zote za nyumba hii zilimpa mgongo mpaka tulipomtoa kwenda kumchoma. Yako peke yake ndiyo iliyobaki inamtazama.

Ukirudi kutoka kaskazini, chomeka simu. Piga wakati wowote. Nitaipokea ikilia mara ya kwanza.

Dada yako,
Indrani