Mapaja Mawili ya Kushoto

S.L.P. 417,
Chumba cha mbele, juu ya duka la vitasa.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, maana nimezijaza mpaka bahasha imevimba. Hujambo wewe? Kaka yangu hajambo? Na ule mgongo wake, bado anausingizia kila anapotumwa dukani? Goti lako je, limepoa, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Sisi huku wazima wa afya. Mama mkwe wako presha imeshuka, ila ulimi haujashuka. Binti yangu hajambo, ndiye anayekaa kwenye duka langu la ushonaji siku za Alhamisi. Sababu ya yeye kukaa dukani Alhamisi ndiyo iliyonifanya nikuandikie, maana ningepiga simu kaka angeipokea na kuanza kucheka kabla sijamaliza.

Wifi, nasoma chuo. Tena nasoma dinosaria, wale wanyama waliokufa zamani mno, kabla mtu hajajua hata nguo ni nini. Usirudi kuangalia bahasha, ni mimi huyuhuyu, wifi yako fundi cherehani, mwenye miaka arobaini na saba na miwani ya kamba shingoni. Na kuna jambo la kukuomba radhi, lakini nitalifikia. Usikimbilie mwisho wa barua, nakujua.

Ilikuwa hivi. Mhadhiri mmoja wa chuo cha hapa karibu aliniletea kazi ya kushona makoti meupe ya maabara kwa ajili ya darasa lake. Wanafunzi wanamwita Bwana Vumbi, kwa sababu mifuko yake, nywele zake, hata vitabu vyake, vyote vina vumbi la mawe. Nikapeleka makoti, wakavaa, likabaki moja, kwa kuwa kuna mwanafunzi alikuwa amehama. Bwana Vumbi akasema nisihangaike kulirudisha, nilivae nikae nisikilize, kiti kipo. Nadhani alikuwa anatania. Mimi nikalivaa, na nakwambia kweli, lilinikaa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Sasa, mtu kama mimi wanamwita msikilizaji. Anakaa, anasikia, anashika mifupa, lakini jina lake halimo kwenye orodha na kazi zake hazisahihishwi. Kila Alhamisi karatasi ya mahudhurio huzunguka maabara, kila mtu anatia sahihi, ikifika kwangu inaniruka. Baada ya wiki tatu nikamfuata Bwana Vumbi, nikamuuliza nifanye nini ili isiniruke. Akafikiri, akasema nifanye mtihani wa maabara pamoja na wenzangu. Nikipata sitini, ataniombea ofisi ya usajili niandikwe mwanafunzi kamili, na muhula ujao nijifunze kutoa mifupa kwenye mwamba. Nikipata chini ya hapo, tushukuriane tu.

Unajua nilitoka shule kidato cha pili, nina miaka kumi na sita, baba alipofariki, nikakalishwa kwenye cherehani ya mama ili kaka aendelee. Sisemi kwa kinyongo. Kaka alisoma na sote tumefaidi. Lakini tangu siku ile sijawahi kushika karatasi yenye jina langu na maksi pembeni. Niliitaka ile sitini. Kaka nilipomdokezea kwenye simu alicheka, akaniuliza mimi na mifupa wapi na wapi. Nikamjibu ng'ombe hazeeki maini, nikakata.

Nikueleze kwanza raha yake, maana nisipoisema nitapasuka. Maabara ni chumba kirefu chenye meza za mbao zilizochubuka, sinki mbili, moja imeziba, na kabati la vioo lililojaa mataya. Siku ya kwanza tulipewa mifupa ya miguu ya kuku, imechemshwa na kusafishwa, tuilinganishe na nakala za plasta za miguu ya dinosaria. Wifi, ni ukoo mmoja. Ndege ndio waliobaki katika ukoo ule, na kuku ni mtoto wao wa nyumbani. Tangu siku hiyo nikila kuku nasimama katikati, naugeuza mfupa huku na huku, mama anauliza kama nimekuta unywele.

Siku nyingine tulipimishwa nyayo. Walitandaza turubai lenye nyayo zilizonakiliwa kutoka kwenye mwamba, tukatakiwa kukadiria kimo cha mnyama aliyepita. Ukichukua urefu wa unyayo ukauzidisha mara nne, unapata kimo cha nyonga, si kwa uhakika wote lakini karibu. Wenzangu wakatoa simu zao wapige hesabu, mimi nikavuta futi yangu shingoni. Kazi yangu si ndiyo hiyo? Nikipima kifundo cha mkono wa mteja nikazidisha mara mbili najua shingo yake, shingo mara mbili najua kiuno chake, na anayenidanganya kuhusu kiuno namjua kabla hajashusha pumzi. Tulimaliza wa kwanza.

Kundi letu ni la watu watatu. Kuna binti anayeitwa Kasuku, kwa maneno yake, na kijana mrefu anayeitwa Mlingoti, ambaye huongea mara moja kwa wiki. Mimi wananiita Mama Koti. Wana heshima, ila hawajui kufunga vifungo vyao, kila Alhamisi lazima nimrekebishe mtu.

Basi kuna sanduku. Ndani yake mna nakala za plasta za mifupa yote ya dinosaria mmoja mdogo, mla majani, kimo cha mbuzi, aliyetembea kwa miguu miwili. Sanduku ni moja tu, makundi hupokezana, mnaipanga mifupa mezani kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia. Yote hukaa vizuri isipokuwa paja la kulia. Mfupa wa paja juu una kichwa kinachoingia kwenye nyonga, kwa upande wa ndani, na nyuma una kinundu ambacho msuli wa mkia hushikilia. Paja la kushoto halina shida. La kulia, ukiingiza kichwa chake kwenye nyonga, kinundu kinatazama mbele. Ukirudisha kinundu nyuma, kichwa kinatazama nje kama mtu aliyemkasirikia mwenziwe kitandani.

Bwana Vumbi alishatufundisha sababu. Paja la mnyama huyo lililaliwa na mwamba kwa mamilioni ya miaka, likapinda, na nakala ikatoka nalo hivyo hivyo. Iko kwenye kitini chake cha masomo, na swali lake halikosi kwenye mtihani. Wenzangu wakaandika. Mimi nikabaki na ule mfupa mkononi. Kitu kilichopinda kina dalili, wifi. Nguo ikivutika, mshono unakuambia. Huu haukuwa na dalili hata moja, kila pembe ilikuwa mahali pake. Nikauweka sambamba na wa kushoto. Ilikuwa sawasawa, kinundu kwa kinundu, hata mkwaruzo mmoja mdogo kwenye plasta ulikuwa mahali pamoja. Mtu aliyemimina plasta alitumia kalibu moja mara mbili. Yalikuwa mapaja mawili ya kushoto.

Na ni nani duniani anayeyajua makosa hayo kuliko mimi na wewe? Gauni lako la harusi. Mkono wa nguo, pale juu unapoungana na bega, upande wa mbele unachimbwa zaidi ya wa nyuma, ndiyo maana wa kushoto hauwezi kukaa kulia. Mimi kwa haraka na kwa furaha nikakata yote miwili ya kushoto, na ukaja kuligundua umeshalivaa, wageni wako nje. Ukacheza muziki mpaka mwisho na mkono mmoja umeukunja kama bawa, watu wakadhani ndio mtindo. Hukumwambia mtu hata mmoja. Sijawahi kukushukuru inavyostahili.

Niliwaambia wenzangu. Kasuku akayageuza mapaja, akayaangalia, akaona. Kisha akanishika bega. "Mama Koti, andika alivyofundisha. Chukua maksi zako, ukishaandikwa jina ndipo umwambie." Mlingoti naye akatumia zamu yake ya wiki. "Swali hilo lina maksi kumi na tano," akasema.

Walikuwa wanasema kweli. Nilishapiga hesabu. Majina ya tabaka za miamba yananishinda kuyaandika, yana herufi nyingi kuliko wateja wangu. Bila zile kumi na tano, sitini nisingeiona.

Siku ya mtihani nikafika swali la saba. Eleza kwa nini kinundu cha paja la kulia kinatazama mbele. Nikaandika, "Kwa sababu mwamba." Nikasimama hapo. Nilijiona mjinga, nakuambia ukweli. Nani mimi nimkosoe mtu aliyesoma mawe maisha yake yote? Lakini hiyo karatasi ndiyo niliyoitamani tangu usichana, na sikutaka iwe na uongo nilioujua. Nikapiga moyo konde, nikafuta. Nikaandika kwamba halikupinda, yote mawili ni ya kushoto, na najua kwa sababu mimi ni fundi nguo na niliwahi kumshonea wifi yangu gauni la harusi lenye mikono miwili ya kushoto.

Basi hilo ndilo la kukuomba radhi. Siri yetu ya miaka ishirini na miwili sasa iko kwenye faili la chuo. Nisamehe, wifi, nilikosa ushahidi mwingine.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, Bwana Vumbi akaingia dukani na sanduku kwapani. Nikaweka mkasi chini. Mama alikuwa ameketi pale mlangoni, akamwangalia kuanzia juu hadi chini, akamwuliza kama amekuja kupunguziwa suruali, na kweli ilikuwa inaburura. Akasema hapana. Akayaweka mapaja mawili juu ya meza yangu ya kukatia.

"Nionyeshe," akasema.

Nikachukua koti lisilokwisha, nikapachika kwa pini mkono wa kushoto upande wa kulia, nikamwambia alivae. Akavaa. Akajaribu kunyoosha mkono mbele, nguo ikamvuta kwapani. Akabaki amesimama vile, mkono umekwama hewani, anayatazama mapaja mezani. Mimi nikaanza kutunga maneno ya kuomba msamaha.

"Miaka kumi na moja nimelifundisha hili," akasema.

"Avue, atachana," mama akasema.

Akavua. Akatoa kitini mfukoni, akaupiga mstari ukurasa mzima. Wenzangu hatawapunguzia kitu, alisema, kwa kuwa waliandika alichowafundisha. Mimi swali la saba nimepata zote kumi na tano. Jumla yangu ni sitini na nane. Toa hizo kumi na tano uone ningekuwa wapi. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia mbele yake bila haya, na mama naye akalia, ingawa alikuwa hajajua ni kwa nini.

Halijaisha. Yule mnyama hajawahi kusimamishwa hata siku moja, maana kila walipojaribu mguu mmoja uligoma. Bwana Vumbi ameniomba nimchongee paja la kulia kwa plasta, apate kusimama mlangoni mwa maabara. Nikaanza siku hiyohiyo kwa kujiamini. Nikaliweka la kushoto mbele yangu, nikaliiga kwa uaminifu, nikapiga msasa, nikalipangusa. Wifi, likatoka la kushoto la tatu. Nilicheka mpaka binti akaja kuona kulikoni. Karatasi ya kukatia nguo unaigeuza kifudifudi umepata upande wa pili, mfupa hugeuzi hivyo. Sasa nimeegemeza kioo cha wateja mezani, nachonga ninachokiona kiooni. Kichwa kimeshaingia ndani, kinundu kipo nyuma. Vidole vyangu vyote vina plasta, ndiyo maana karatasi hii ina alama.

Alhamisi iliyopita karatasi ya mahudhurio ilianzia mbele kama kawaida. Nilishazoea kusogeza kiwiko ipite. Mlingoti akaiweka mbele yangu, na kalamu juu yake. Jina langu lilikuwa la mwisho, limechapwa sawa na ya wengine. Nimedarizi majina ya watu kwenye mifuko ya sare miaka yote hii, langu sijawahi kulitazama namna ile. Nikaanza kutia sahihi taratibu.

"Mama Koti, wenzio wanasubiri," Kasuku akaninong'oneza.

Nikamwambia wasubiri. Mimi nimesubiri miaka thelathini na moja.

Mpe kaka barua hii aisome yote, acheke akimaliza, si kabla. Nisalimie mwanao mkubwa na kitindamimba wako, na shangazi yenu wa ghorofa ya chini, mwambie dawa ya miguu aliyonielekeza imenifaa. Mama anakusalimu na anasema ule ushibe. Binti anasema shikamoo. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape afya na usingizi mzuri, na siku moja atukutanishe tungali na nguvu za kucheka.

Wako, wifi akupendaye bila kukuonea haya,

Mwanafunzi.