Nilimjibu Nesi "Ndiyo" Mara Zote

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana hata barua hii nimeianza mara tatu na sijui niingilie wapi. Mimi ni fundi cherehani, nina binti mmoja wa miaka miwili na miezi minane, tunamwita Chiriku kwa sababu alipokuwa na miezi kumi hakuwa na breki, ba-ba-ba na da-da-da tangu asubuhi, mpaka wateja wakawa wananitania kwamba nimezaa mtangazaji, lakini alipokaribia mwaka na nusu maneno machache aliyokuwa nayo yakapungua, yakapungua, na leo hasemi hata "mama", ila tangazo la sabuni la redioni analiimba mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, sasa mtoto anayeimba ana tatizo la kusema kweli?

Nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu, fundi wa kuchomelea, anasema yeye mwenyewe alianza kusema akiwa na miaka minne na leo hanyamazi, mama mkwe anasema ulimi umefungwa chini, ukatwe kidogo, jirani anasema ni televisheni, na mimi nakubaliana na kila anayesema mwisho. Nikimwita hageuki, lakini nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, kwa hiyo sijui hasikii au hataki. Akitaka maji hanyooshi kidole, anaushika mkono wangu na kuuweka juu ya kopo, kama mtu anavyochukua kijiko, wala hanitazami usoni.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki, nesi akasema mtoto aliyechelewa kusema huchunguzwa dalili za usonji, akatoa karatasi ya maswali. Mama mkwe alikuwa ameketi ubavuni mwangu, na kabla hatujaitwa alishanionya kwamba kwenye ukoo wao hakuna mtoto wa namna hiyo. Nesi akauliza kama mtoto huonyesha kitu kwa kidole ili nami nikione, nikasema ndiyo, kama akiitwa hugeuka, ndiyo, kama huniletea vitu nivitazame, ndiyo, mpaka nesi akaacha kuandika, akamtazama Chiriku aliyekuwa amelala sakafuni akizungusha gurudumu la kitoroli cha dawa, akaniuliza taratibu, "Mama, una uhakika?"

Mama mkwe akanijibia: "Anao."

Tukarudi na kadi iliyoandikwa kwamba hana dalili, na tarehe ya kurudi kliniki, mume wangu akafurahi, nami nikafurahi, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliufurahia uongo wangu mwenyewe.

Basi Alhamisi, nilipogeuka kupokea kitambaa cha mteja, Chiriku akagusa pasi ya moto. Alilia, mshauri, lakini hakunikimbilia. Alijikunja chini ya meza ya kukatia, ameushika mkono wake mwenyewe, analia akiutazama ukuta, nami niko hatua mbili tu. Tangu hapo sijui kama nina mtoto mgonjwa, mtoto mkaidi, au ni mimi nisiyejua kulea. Nikirudi kliniki nitaonekana mwongo, nisiporudi je?

Mama Chiriku

*

Mama Chiriku,

Pole, na pole kwa mkono wa mtoto. Ila pole haitoshi, kwa hiyo nisikilize.

Umekosea, tena si kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, sasa unamficha nani? Karatasi ile si hukumu, ni chujio tu. Kazi yake ni kuonyesha nani atazamwe kwa makini zaidi, nawe ulimpa nesi vipimo vya mtoto mwingine.

Unauliza kama ni usonji. Mimi sijui, wewe hujui, na nesi hawezi kujua kwa majibu yale. Huenda ni masikio, huenda amechelewa tu, huenda ni usonji kweli. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea hangojwi afike miaka minne ati kwa sababu baba yake alichelewa. Kuimba tangazo si kuzungumza na mtu. Ulimi wake asiuguse mtu. Na ukome kujiita usiyejua kulea, kwani usonji hauletwi na malezi, na mama asiyejali hawezi kuandika aya yako ya pili. Aya hiyo ndiyo majibu ya kweli. Kaisome mbele ya nesi kama ilivyo.

Akiungua au akianguka tena, usingoje akukimbilie. Mkimbilie wewe.

Mwambie mumeo leo, kabla hajavua viatu. Atakasirika, mwache akasirike, kisha mwende nyote wawili. Mama mkwe mheshimu, mpikie, mbebee mkoba, lakini chumba cha nesi asiingie.

Nendeni wiki hii, msingoje tarehe ya kwenye kadi. Usianze na maelezo marefu, sema: "Nilijibu uongo, naomba tuanze upya." Hatashangaa, alikuuliza kama una uhakika kwa sababu ana macho. Omba masikio yapimwe, omba barua ya kumwona mtaalamu wa watoto, na usiondoke bila barua hiyo. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Hilo nalo ni jibu, na nesi ana mahali pa kuliandika.