Eda Yaisha Lini, Bi Zena?

Ijumaa, 4 Julai
Nimekoga, nimevaa nguo ileile nyeupe. Bila wanja, bila udi, bila asmini kichwani. Mimi! Mimi ambaye harusi za mtaa wetu wa Mkomani zilikuwa hazichangamki mpaka niingie. Mwezi wa nne huu nakaa eda ya mume wangu Swaleh, na mlango wa nje siuvuki.

Nimepangusa zidaka, yale mashubaka ya ukutani, na sahani za kaure za marehemu mamangu. Moja haipo. Ile ya samawati. Jana alikuja Mwanakombo, mtoto wa yaya wangu. Tumenyonya ziwa moja, ni dada yangu huyo. Lakini dada mwenye kapu kubwa.

Jumatano, 9 Julai
Shemeji Athumani, nduguye Swaleh, kaleta samaki tena. Husimama nje darakani, kibarazani penye mlango, husema nami mlango umerudishwa. Kauliza: "Eda yaisha lini, Bi Zena?" Juzi kauliza jirani. Jana muuza maziwa. Yawahusu nini? Nikadhani wanataka kunifanyia karamu nikitoka. Nikafurahi, kisha nikajicheka. Watu wa mji huu wakupikie pilau kimyakimya? Wapi!

Mwanakombo peke yake haulizi. Huyo ndiye wa kuchungwa.

Alhamisi, 17 Julai
Sahani nyingine mbili hazipo. Na birika la shaba.

Kwetu nyumba ni ya binti. Baba aliniachia tatu. Ya pwani sasa ni hoteli, wageni wanalala chumba nilimoolewa mimi. Ya pili, yenye wikio la kuvukia juu ya ndia ya mtaa, imekuwa duka la vinyago. Zote mbili aliziuza Swaleh. Nilimpa uwakala wa mali yangu mbele ya mashahidi, mguu mmoja mlangoni, harusi ya Pate inanisubiri. Sikuwahi kuuvunja. Imebaki hii. Mwanakombo akiinyemelea hii, atanitambua.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemkamata! Sahani ndani ya kapu, chini ya mihogo. Nimemwita mwizi. Nimemwita mtoto wa yaya. Hakujitetea. Alilia tu, akasema hawezi kumsema mtu aliyekwisha kufa, tena mbele ya mjane wake. Nikamfukuza. Usiku nimelala nikilirudia neno lake.

Jumanne, 22 Julai
Athumani kaja na mtu. Nimetega sikio nyuma ya mlango. Sauti ya bara, inauliza kama mlango wa nakshi unabaki. Athumani akamwambia nyumba hii na vyote vilivyomo ni mali yake yeye Athumani, marehemu alikwisha kumuuzia. "Twangoja bibi amalize eda tu. Kwa heshima."

Heshima! Mji mzima ulijua. Wananingoja nimalize kumlilia Swaleh ili wanitoe nyumba aliyoiuza Swaleh. Na Mwanakombo alikuwa akiviokoa vya mamangu kimoja kimoja, mimi namtukana.

Namchukia. Mungu anisamehe, namchukia na kaburi halijakauka. Nguo hii nyeupe inaniwasha.

Jumatano, 23 Julai
Sikula. Nimemtumia Mwanakombo salamu. Nimemwomba radhi.

Jumanne, 29 Julai
Eda imeisha. Nimeikaa mpaka mwisho, maana ni amri ya Mungu, si ya Swaleh. Nimekoga. Nimetia wanja. Ufunguo nimempa Athumani bila kumtazama. Hakuna jirani aliyechungulia.

Mwanakombo alikuwa nje na punda. Alipakia kasha langu. Tumekwenda kwake Matondoni. Vyumba viwili, kuta hazina zidaka. Vyombo vyote vya mamangu kavipanga juu ya kabati la sufuria, kavifunika kanga.

Mchana tumekula wali kwenye sahani ya samawati, mkono wangu na wake. Kwetu hakuwahi kuruhusiwa hata kuipangusa.