Mwalimu mkuu anataka mwanafunzi wangu aumwe siku ya mtihani

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nisikilize mwenzio, nimebanwa pande zote na chakula hakipiti.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, shule ya msingi, na wiki ijayo watoto wangu wanafanya mtihani ule unaofanywa na shule zote siku moja, na mwaka jana tulishika mkia, Shangazi, mkia kabisa, matokeo yakabandikwa ukutani ofisi ya elimu na mwalimu mkuu wetu akachekwa kikaoni na wakuu wenzake, wazazi nao wakaanza kuhamisha watoto, kwa hiyo mwaka huu mama wa watu hataki mchezo. Juzi akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Yule binti wa fundi cherehani atatushusha wastani. Watoto huumwa, si ndiyo? Mwambie baba yake siku ile amwache nyumbani." Nikacheka nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

Binti mwenyewe darasani tunamwita Kasuku kwa sababu hafungi mdomo, ukiuliza hesabu ameshajibu kabla hujamaliza kuuliza, na anajibu sawasawa mpaka wenzake wananuna, lakini kwenye mtihani wa majaribio amekuwa wa mwisho, tena kwa mbali, na mtihani wenyewe ni ule wa karatasi mbili, maswali huku na majibu kule, unachagua kiduara unakipaka penseli, hakuna hata cha kuandika. Maswali matano ya mwanzo kapata yote, halafu kuanzia hapo makosa matupu, utadhani penseli alimwachia mtoto mwingine. Nilipandwa na hasira, nikamwambia mbele ya darasa zima kwamba ametuaibisha, akasema tu, "La sita lilikuwa gumu, mwalimu, nikaliruka kama ulivyotuambia," kisha akanyamaza, na Kasuku kunyamaza si jambo dogo, mpaka leo hasemi kitu.

Na mwalimu mkuu si mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyenishikia vipindi muhula mzima bila kunung'unika, leo nimkatalie kwa mdomo gani? Jana nikapita kwa fundi nimeshaazimia kumwambia, nikamkuta anamshonea binti sare mpya, naye bila kuinua macho kwenye cherehani akaniambia, "Mwalimu, huyu siku hizi anasema hana akili. Nimemwambia asubiri mtihani wa kweli ndipo tutaona. Nimekosea?" Nikadanganya kwamba nimekuja kupunguza sketi, akanipima kiuno, nikatoka pale machozi yananilengalenga.

Nikimtii mkuu, nimemvunja yule mtoto moyo moja kwa moja. Nikikataa, nimemlipa ubaya mtu aliyenifaa. Niambie la kufanya.

Mwalimu Aliyekwama

*

Marahaba, mwanangu. Sentensi zako zimenimaliza pumzi, na wewe ndiye unayefundisha watoto kuweka nukta! Haya, tuyaache hayo.

Pole kwanza, kwa kweli. Kuagizwa ubaya na mtu mwema kunachanganya akili. Lakini lazima nikugombeze kidogo, maana umemgombeza mtoto kwa kosa lako. Ndiyo, lako, usigune. Umewaambia swali gumu waliruke, vizuri sana. Je, uliwaambia kwamba kwenye karatasi ya majibu nako waruke mstari wake? Huyo binti naona kama namwona: kaliacha la sita, jibu la saba kalipaka mstari wa sita kwa kuwa ndio uliokuwa mtupu, la nane kalipaka mstari wa saba, na hivyo hivyo mpaka chini. Majibu yake yote yamepanda mstari mmoja. Kichwa chake ni kizima.

Au nimekosea mimi, sikatai, sikuwepo. Basi leo hii chukua karatasi yake, shusha kila jibu mstari mmoja kuanzia huo wa sita, usahihishe upya. Ila sikiliza vizuri: hata ukikuta bado amefeli, mtihani anafanya. Mtihani upo ili tujue watoto wamefika wapi, haupo ili tujue nani wa kumficha. Ukimlaza kitandani mmoja mwaka huu, mwakani utaambiwa uwalaze watano.

Kuhusu mkuu wako, shukrani yako ni ya haki, ishike. Lakini alikushikia vipindi, hakukununua ulimi. Nenda kwake asubuhi kabla ya kengele ukiwa na ile karatasi, umwonyeshe mistari ilivyohama, kwa sababu mtu aliyechekwa kikaoni anahitaji tumaini, hotuba haimsaidii. Kisha mwulize taratibu: mwaka jana nao watoto waliambiwa waruke maswali? Mwache alifikirie hilo peke yake. Halafu umwambie, "Mama, ule ujumbe siupeleki. Mtoto haumwi." Ishia hapo, usijiumeume. Aking'ang'ania, mwambie aende mwenyewe kwa fundi akamtazame usoni aseme. Hataenda, nakuambia. Na akipata mtu mwingine wa kumtuma, hapo wewe utakwenda ofisi ya elimu, mchana kweupe, yeye akijua kwamba unakwenda. Kumchongea kwa siri hapana.

Siku zilizobaki usiwajaze watoto kitu kipya. Wafundishe karatasi. Rula chini ya mstari, kidole kwenye namba ya swali, kidole kwenye namba ya jibu, zikilingana ndipo wapake. Rudieni mpaka wakuchoke. Sidhani kama binti yuko peke yake, na kama wako wengine, basi mwaka huu huenda ninyi si wabaya kama ukuta ule ulivyosema.

Limebaki moja, na hilo usilikwepe. Ulimwaibisha mbele ya darasa, basi utamwomba radhi mbele ya darasa hilo hilo. Usimvute pembeni ukamnong'oneza. Simama, umwambie, "Nilikufundisha nusu, nikakulaumu kwa nusu niliyoisahau." Watoto hawatakudharau, wataacha kukuogopa tu, na hiyo ni nafuu kwenu nyote. Ukishamaliza, andika hesabu ubaoni, tena nzuri, usimtaje mtu, geuka uwatazame, unyamaze. Kasuku asipojibu, usimlazimishe. Futa ubao, na kesho uandike nyingine.

Shangazi yako