Iritungu Sitaiharakisha Tena

Nyamwaga, Tarime

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta una nguvu zako, na magoti ya mama yamepoa. Mimi ni mzima, ila mafua ya huku hayajaniacha. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu mama ameniambia sikio lako la kulia limeziba kabisa, na la kushoto linafuata. Habari hiyo imeniuma, Baba, sikufichi.

Ndiyo maana nilitaka likizo hii nije na iritungu. Ni ala ya Wakurya, haina upinde kama zeze lako, inapigwa kwa vidole: bakuli kubwa la mti, limewambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi nane juu yake. Ninafundishwa kuitengeneza na jirani yangu Mzee Marwa, fundi mwenye maneno makali na chai nzuri. Nilitaka uisikie kabla sikio halijafunga, useme kama nimeokota chochote cha ufundi wako.

Basi nikaharakisha. Kwetu Dodoma ngozi unaianika na jua linaimaliza. Huku mvua hainyamazi, na shule ilikuwa inakaribia kufungwa. Siku Mzee Marwa alipokwenda mnadani, nikaiweka ala karibu na jiko la mkaa, moto mdogo tu. Aliporudi, ngozi ilikuwa imevuta hadi ikachanika, na mdomo wa bakuli umepasuka. Akaigeuzageuza mkononi.

"Mwalimu, wewe unachoma ndizi?"

Nikamweleza habari ya masikio yako. Akamimina chai kwanza.

"Baba yako na yeye ni fundi?"

"Anatengeneza zeze."

"Sasa huyo ukimpelekea kazi ya haraka, si ataijua kwa kuishika tu? Tafuta mti mwingine."

Haraka haraka haina baraka naifundisha darasani kila mwaka, na watoto wanaiitikia kwa sauti. Sasa nimeilipia bakuli zima.

Mti mwingine nimeupata. Uko kivulini nyuma ya nyumba, nimeupaka samadi usikauke kwa pupa ukapasuka. Kila nikitaka kuanza kuuchonga, Mzee Marwa ananiuliza kama nina basi la kuwahi. Kwa hiyo likizo hii nitakuja mikono mitupu. Nililia kidogo, kisha nikakubali.

Nisalimie mama, na shangazi Yudita muuza karanga, na mdogo wangu Danieli mchunga ng'ombe, mwambie viatu vyake nimevinunua.

Ala nitaileta ikiwa tayari, si kabla. Ikikuta masikio yamefunga, nitakaa karibu yako, uweke kiganja juu ya ngozi, nami nitapiga. Ukigundua nimekosea, nipige kofi kama zamani.

Mimi mwanao mwenye papara,
Yohana