Nilionekana Mahali Pawili kwa Wakati Mmoja, Nikasema Amina

Mama Émerence mpendwa, kaa vizuri kwanza ndipo usome, maana ninaomba msaada wa haraka, leo ni Alhamisi na mambo yangu yote yanaharibika Jumapili saa nne asubuhi, na tafadhali usitaje jina langu kwa sababu mimi ni mtumishi wa Mungu wa televisheni hapa Kamina na watu wananijua hata wakiniona mgongo.

Mimi ndiye mwenye kipindi cha Moto wa Asubuhi, kile ambacho ninakemea mèches za kusukia nywele, suruali za akina mama, kucha za rangi na bia, tena nakemea kwa nguvu mpaka maikrofoni inapiga filimbi, na miaka tisa sijawahi kupungukiwa na neno, ila mwezi huu ndipo nimepungukiwa. Nilitangaza mfungo wa siku ishirini na moja kwa mji mzima, maji tu mpaka saa kumi na mbili jioni, na kwa kuwa umeme wa hapa huja unapotaka, kituo chetu hurekodi vipindi vingi kwa siku moja pale jenereta inapopata mafuta, basi kabla ya mfungo kuanza tulirekodi vipindi kumi mfululizo, na mpiga picha wetu Nahum, mtu mzima mwenye wajukuu, kila baada ya dakika arobaini ananiambia, "Papa, badirisha cravate, tumesha fika siku ya ine," nami nabadilisha tai na kupaza sauti, "Wapendwa, leo ni siku ya nne, niko hapa mbele yenu na tumbo tupu!" ingawa nilikuwa nimetoka kunywa chai na mandazi matano.

Jambo jingine ujue, Mama, kwenye kona ya skrini yetu kuna maandishi mekundu, EN DIRECT, yaani moja kwa moja hewani, Nahum aliyaweka mwaka ule kituo kilipoonyesha fainali ya mpira, akashindwa kuyaondoa mpaka leo, kwa hiyo kwetu kila kitu ni EN DIRECT, hata matangazo ya vifo, hata filamu za zamani, na sisi wa ndani tumeshazoea, hatuyaoni tena.

Sasa siku ya tano ya mfungo nilikwenda gare, kituo cha treni, kuulizia kifurushi changu, nikapita kwa Mama Biuma, mwenye kile kibanda cha chakula tunachokiita malewa, nyuma ya gare, na samaki walikuwa wanatoka kwenye mafuta saa ile ile, Mama, sitajitetea, niliingia, nikaketi kwenye kona, nikavua kofia kwa adabu, nikaomba bukari, ugali wetu wa hapa, nikanawa mikono, na nilikuwa kwenye tonge la tatu niliposikia sauti yangu mwenyewe ikinguruma juu ya kichwa changu, "Ole wako wewe unayekula kwa siri saa hii!"

Televisheni ilikuwa imetundikwa ukutani, juu yangu, na mimi sikuiona. Watu kumi na wawili walikuwa wanakula mle ndani, wakaitazama televisheni, wakanitazama mimi, wakaitazama televisheni tena, na kule juu EN DIRECT inawaka, na mimi huku chini nimeshika kichwa cha samaki. Mama Biuma akaacha mwiko wake, akapiga magoti kati ya makaa na ndoo, akalia, "Eh, Mungu wangu! Bantu, muangalie! Papa iko pale, na papa iko hapa! Mungu amemugawa mara mbili!" Mama Émerence, nilikuwa na nafasi ya kusema, Mama Biuma simama, kile kipindi ni cha wiki iliyopita, mimi ni mwongo na nina njaa. Badala yake niliinua mkono wenye tonge, nikasema, "Amina."

Neno moja tu hilo. Kabla sijafika nyumbani mji wote ulikuwa unajua kwamba mtumishi ana miili miwili, na watu walipouliza kwa nini mwili wa pili ulikuwa unakula wakati wa mfungo, mzee wetu wa kanisa Kalonji alilimaliza swali Jumapili mimbarani, mimi nikiwa nimeketi pale pale: "Roho njo inafunga, mwili njo inakula, kila moya na kazi yake!" Watu wakapiga makofi, na tangu Jumapili hiyo kanisa zima linafunga kwa roho na kula kwa mwili, asubuhi, mchana na jioni, nadhani ndio mfungo wa kwanza duniani ambao watu wananenepa, na mimi kiongozi wao nimekula mara nyingine nyingi, idadi sitaki kuitaja.

Kisha ndugu wa Luena wakanialika Jumapili hii saa nne kufungua kanisa lao jipya, na wale wa Kabondo-Dianda wakanialika Jumapili hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kubariki ndoa sita, nami nilipowaambia saa zinagongana, mwenyekiti wao akacheka kwenye simu, "Papa, shiye tunajua. Utume tu ule mwengine." Nikamwendea Nahum na shida yangu, hata hakuacha kula karanga zake. "Haina mambo," akasema. "Tunarekodi, tunatuma na flash, bataweka mu projecteur kule Luena. EN DIRECT iko pale pale."

Hayo yote ningeyabeba, Mama. Kinachoniua ni mke wangu Exaucée. Yeye ni mwalimu, saa nne kipindi kinaporushwa yuko darasani, hajawahi kukiona kipindi changu nami nikiwa nimekaa naye nyumbani, wala sikuwahi kumwambia kwamba tunarekodi, na habari za malewa alizisikia akacheka, akaniambia, "Kama muko babili, basi mumoya aende kuchota mayi," kisha akaacha kucheka, akasema, "Minyi sijue mambo ya bantu babili. Minyi najua bwana yangu hanidanganyake." Katika Kamina yote yeye peke yake ndiye anayefunga kweli. Wiki mbili sasa anasimama na chaki mbele ya watoto hamsini na tumboni ana maji matupu, jioni anakula vijiko vitatu vya uji anasema vimemtosha, na juzi akiwa anafua pete yake ya ndoa iliteleza ikaanguka kwenye beseni, akaitafuta katika povu huku anaimba, na mimi nilikuwa mlangoni nimeshiba, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

Jumanne baba yake akatutembelea, Papa Kayembe, karani mstaafu wa reli, Mmethodisti wa zamani ambaye tangu harusi yetu ananiita yule mtu wa télé. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Muntu afunge siku kumi na mbili, shavu yake ibakie vile? Uyu anakulaka." Exaucée akasimama, akaweka mkono juu ya Biblia, akasema, "Papa, naapa mbele ya Mungu, bwana yangu hayakula mu muchana hata siku moya." Na mzee akaamini, Mama, kwa kuwa binti yake hajawahi kumdanganya, akanyanyuka na miaka yake sabini na minne akanishika mikono yote miwili, akaniomba msamaha. Nikampa!

Sasa nikisema ukweli, mke wangu anakuwa ameapa uongo mbele ya baba yake. Nikinyamaza, anaendelea kukonda kwa ajili yangu. Silali. Namba yako nimeipata kwake, maana anakusikiliza redioni kila Jumamosi akiwa anatwanga majani ya sombe. Nishauri haraka: niende Luena mwenyewe na flash iende Kabondo-Dianda, au kinyume chake?

Mtumishi aliyechanganyikiwa, Kamina

MAMA ÉMERENCE ANAJIBU

Mtumishi, umeomba nisitaje jina lako, na sikulitaja. Lakini umenitajia kipindi chako, mke wako, mkwe wako, mpiga picha wako na mahali unapokula, kwa hiyo asiyekujua sasa hapo Kamina ni mtoto aliyezaliwa asubuhi ya leo.

Nimecheka, siwezi kukuficha. Nilipofika kwenye kichwa cha samaki niliinuka nikafunga mlango wa ofisi ili wenzangu wasinisikie. Kisha nikafika kwa Exaucée na beseni lake, kicheko kikaisha.

Unaniuliza flash iende wapi? Baba, uko na akili? Mwanamke amekonda mpaka pete haimkai kidoleni, nawe unaniletea habari za projecteur! Miaka tisa umewasumbua akina mama kwa nywele za bandia, kumbe wewe ulikuwa na njaa ya bandia. Kuona njaa si kosa, nami nakuhurumia, samaki wa moto ni mtihani mkubwa. Ungesema ukweli pale pale kwa Mama Biuma, watu wangekucheka siku mbili, ya tatu wangepata mwingine wa kumcheka. Uliogopa kuchekwa. Umezoea kuheshimiwa mpaka ukaona afadhali mji mzima udanganyike kuliko watu kumi na wawili wakucheke.

Na hilo la kiapo liache kabisa kulitumia kama kisingizio. Mke wako aliapa kile alichokijua, na alikijua kutoka kwako. Uongo ni wako wote, usimgawie hata kipande.

Piga simu Luena leo, piga na Kabondo-Dianda, sema hutakuja, wala wewe wala yule mwingine. Ndoa zao atazibariki mchungaji wao aliyewafundisha hao maharusi, na kwa barabara ile ninavyoijua ungefika Jumanne. Kwa Papa Kayembe utakwenda kwa miguu. Exaucée akikubali kufuatana nawe, yeye aketi, wewe usimame, na useme mwenyewe kwa maneno machache bila mstari hata mmoja wa Biblia, maana nyinyi mkianza na mistari hammalizi. Mzee akikuita mwongo, jibu, "Ndiyo, Papa." Kisha umrudishie ule msamaha aliokuomba, ulikuwa wa wizi. Jumapili saa nne uketi mbele ya kamera, mtu mmoja tu, na Nahum atundike saa ya ukutani nyuma yako ili watu waone kwamba safari hii ni kweli. Waeleze yote, malewa na mandazi pia. Waumini wengine watakuacha, na mzee Kalonji atakosa mahubiri. Utapona.

Usidhani utakawia mpaka ujisikie tayari. Barua hii naisoma hewani Jumamosi saa tisa mchana, neno kwa neno, na umeniambia mwenyewe nani huwa anasikiliza. Sitaki ayasikie kwangu kabla ya kuyasikia kwako.

Lakini simu zingoje kidogo, na Papa Kayembe angoje. Leo hii Exaucée akitoka shule akukute jikoni. Umepika mwenyewe, bukari na samaki, sahani moja, ya kwake peke yake. Mwambie ukweli wote ukiwa umesimama, sahani iko mkononi. Akilia, ngoja. Akikutupia hiyo sahani, okota, fagia, rudi jikoni upike tena, na uendelee kupika mpaka ale.